Masika ya Bwana Usingizi

Jumatatu, 3 Machi
Mvua imeanza. Paa la ofisi limevuja palepale linapovuja kila mwaka, juu ya kabati la sahani za muziki. Nimeweka ndoo. Binti yangu akauliza kwa nini nahamisha ndoo kila mwaka badala ya kuhamisha kabati mara moja. Nimemwambia mwenye jarida ni mimi.

Na ni kweli, kwa wiki chache tu zilizobaki. Toleo la mwisho linatoka mwishoni mwa Aprili. Baada ya hapo nitakuwa bibi kizee mwenye sahani elfu nne za muziki wa jazi na magoti mabovu. Miaka thelathini na minane ya kuhariri! Nimeamua kuandika humu msimu wote, hata mstari mmoja, maana mhariri akikosa kazi huanza kuhariri namna watu wanavyotafuna.

Jumatano, 5 Machi
Mvua. Kurasa nane tayari. Goti linauma.

Jumamosi, 8 Machi
Nimegombana na binti yangu. Yeye ndiye anayenipangia kurasa, na ulimi karithi kwangu, kwa hiyo sina wa kumlaumu. Anataka ukurasa wa kumi na nne turudie makala yangu maarufu kuliko zote, "Saksafoni Iliyolala". Nimeandika makala zaidi ya mia tano, lakini watu wakinikuta kwenye foleni wananisomea hiyo. Niliiandika miaka thelathini na sita iliyopita, kuhusu sahani ya kwanza ya kijana mmoja mpiga saksafoni. "Bwana huyu hapigi saksafoni, anailaza," niliandika. "Nimesikiliza upande mzima nikiogopa kukohoa, nisije nikamwamsha." Mji wote ulicheka. Kijana akabandikwa jina la Bwana Usingizi, nami nikabandikwa la Shangazi Wembe. La kwangu nimelivaa kwa fahari mpaka leo.

Mwishowe nikakubali, ila nikasema lazima kwanza niisikilize sahani yenyewe, niandike maneno mawili ya utangulizi.

"Ina maana hujaisikiliza tena tangu siku ile?" binti yangu akauliza.

"Mtu akishazika, anafukua ili iweje?"

Tukacheka sana.

Jumatatu, 10 Machi
Fundi karudisha gramafoni. Kaitia mafuta na kaifungia mpira mpya, ule unaozungusha bamba. Shikamoo zake leo zilikuwa tatu. Anajua nitalalamika tu.

Jumanne, 11 Machi
Na kweli nalalamika. Baada ya chakula cha mchana nimeweka sahani ya Bwana Usingizi na gramafoni inakimbia ovyo. Saksafoni imetoka juu, kali, inaruka ruka. Nimezima hata dakika mbili hazijafika, nikampigia fundi simu.

"Nilikupa gramafoni, umenirudishia mashine ya kukoboa."

"Shangazi, usinitukane kwenye simu. Nitakuja Ijumaa unitukane ana kwa ana."

Ijumaa, 14 Machi
Fundi amekuja na karatasi ya duara yenye nukta ndogo nyeusi ukingoni. Unaiweka juu ya bamba linalozunguka, chini ya taa ya umeme, unatazama. Kasi ikipungua, nukta zinarudi nyuma. Ikizidi, zinakwenda mbele. Ikiwa sawasawa, zinaonekana zimesimama tuli ingawa bamba linazunguka.

Zilisimama. Nikavua miwani, nikaipangusa, nikatazama tena. Tuli kabisa.

"Basi karatasi yako mbovu," nikamwambia.

"Karatasi haina injini, Shangazi."

Nikamwekea sahani. Akasikiliza wima, kofia mkononi, na kichwa kikaanza kumtikisika chenyewe. "Jamani! Nani huyu anapiga hivi?" Nikamwambia ni Bwana Usingizi. "Acha utani wako. Yule yule?"

Alikuwa tayari mlangoni anafungua mwavuli alipogeuka na kusema, kwa kugusia tu: "Kama zamani ulimsikia polepole, basi mpira wako ulilegea. Watu wakikosa mpira wenyewe hufunga wa baiskeli. Unateleza, gramafoni inasinzia, na mwenyewe hajui."

Nilikaa pale mpaka ndoo ikajaa na kumwagika.

Jumamosi, 15 Machi
Nitaandika yote leo, maana nisipoandika leo sitaandika tena.

Nina daftari la ofisi kwa kila mwaka. Nimelitoa la mwaka ule. Tarehe ya makala iko pale, kwa mwandiko wangu wa ujana, mwandiko wa mtu mwenye haraka: "Mpira wa gramafoni umekatika. Mchapaji anasubiri kurasa. Nimekata ukanda kwenye mpira wa ndani wa baiskeli ya mlinzi, nimefunga. Unafaa kwa leo." Siku sita mbele: "Mpira mpya umefika." Katika siku hizo sita nilihakiki sahani moja tu.

Wala sikuhitaji daftari. Ushahidi umo ndani ya makala yenyewe, watu wameusoma miaka yote hii na mimi nikiwa wa kwanza. "Anashuka," niliandika, "hadi kwenye sauti ambayo chombo chake hakina, sijui anatafuta godoro." Sasa, saksafoni ya alto ina sauti yake ya mwisho chini. Haishuki zaidi ya hapo hata uipigie magoti. Mwanafunzi wa mwezi mmoja angeshtuka, angesema mashine ina tatizo. Mimi, mwenye sikio la dhahabu, nilisikia kitu kisichowezekana duniani nikakifanyia mzaha, kwa sababu sentensi ilikuwa tamu. Hata leo nimeisoma nikatabasamu kwanza, aibu ikaja baadaye. Mungu anisamehe.

Na lipo jingine. Wiki mbili baada ya makala, yule kijana alipiga kwenye ukumbi wa wafanyakazi wa reli. Nilikuwepo, safu ya tatu. Aliinua saksafoni, na kabla hajapuliza, mtu mmoja akapiga mwayo mrefu, wa sauti, wa makusudi. Ukumbi ukaangua kicheko. Wengine wakadakia, miayo kila upande, mmoja akarusha mto hadi jukwaani, kumbe alikuja nao kutoka nyumbani. Kijana akasubiri watulie. Hawakutulia. Akachomoa mdomo wa saksafoni, akaufuta kwa kitambaa, akapanga kila kitu kwenye sanduku lake bila haraka, akaondoka. Hakupiga tena mbele ya watu.

Kisa hicho nimekisimulia kwenye karamu nyingi, na kila mara nasema "mtu mmoja akapiga mwayo". Mtu huyo ni mimi.

Jumanne, 18 Machi
Saa tatu asubuhi, niko ofisini peke yangu, nasahihisha ukurasa wa sita. Nyuma yangu, karibu na kabati, mtu akapiga mwayo. Mrefu, wa sauti. Nikageuka. Ndoo, kabati, koti langu ukutani.

Nimejiambia ni bomba la maji ya mvua.

Alhamisi, 20 Machi
Mvua. Mwayo tena, saa nne. Bomba gani hilo linalovuta pumzi kwanza?

Jumatatu, 24 Machi
Leo binti yangu kanikuta nimesimama katikati ya chumba nimeshika rula.

"Mama, unampiga nani?"

Nikaketi, nikamweleza yote: mpira wa baiskeli, nukta, safu ya tatu. Alisikiliza bila kunikatiza, jambo ambalo halijatokea tangu aanze kusema. Kisha akapiga simu mbili kwa wanamuziki wa zamani, akaniandikia anwani. Bwana Usingizi ni mpima macho. Ana duka la miwani mtaa wa pili, nyuma ya posta.

"Miaka thelathini na sita," binti yangu akasema, "na umekuwa ukinunua stempu mlango wa pili."

"Huenda hakunisamehe."

"Huenda hakukumbuki, Mama. Usijipe cheo."

Alhamisi, 27 Machi
Nimekwenda. Nilijikaza kisabuni mpaka kizingitini, na nilipoulizwa shida yangu nikasema macho. Yatosha kusema mimi ni mwoga.

Ni mwembamba, mvi kichwa kizima, koti jeupe lililopigwa pasi vizuri. Akanikalisha kwenye kiti cha ngozi, akanivika ile fremu nzito ya chuma, akaanza kubadilisha vioo. Ukutani kuna herufi. Vidole vyake virefu vilikuwa vinapita mbele ya uso wangu, nikawa natazama vidole badala ya herufi.

"Ya kwanza... au ya pili?"

"Ya pili."

"Ya pili... au ya tatu?"

"Ya tatu."

"Soma mstari wa chini." Nikasoma. Akarudisha kioo cha kwanza. "Unabahatisha, mama. Kama huoni sema huoni. Hapa hakuna anayekupa alama."

Sauti yake ni ya upole. Nilikuwa na maneno yote mdomoni, nimeyapanga njia nzima, yakakauka na mate yangu. Akaandika vipimo, akasema nirudi tarehe nne. Nje mvua ilikuwa inamwagika, nikapita bila kufungua mwavuli, na watu wakanitazama.

Jumanne, 1 Aprili
Kurasa ishirini na mbili tayari. Ukurasa wa kumi na nne bado: makala ipo, masahihisho nayaandika. Miayo mitatu kabla ya saa sita.

Ijumaa, 4 Aprili
Alinivika miwani mwenyewe. Alipinda vishikio nyuma ya masikio yangu, taratibu, akajaribu, akapinda tena.

"Inabana?"

"Haibani." Nikashika ukingo wa meza. "Mimi ni yule mwandishi..."

"Nakujua, Shangazi. Nilikujua siku ile ulipokaa hapo. Na siku ile nyingine pia nilikuona. Safu ya tatu, gauni la madoa."

Basi likatoka lote kwa mkupuo. Nilimwambia kuhusu mpira na baiskeli ya mlinzi. Nilimwambia saksafoni yake haikulala hata sekunde moja, kwamba mashine yangu ndiyo iliyolala na mimi juu yake. Nilimwambia nimeandika masahihisho, yatatoka ukurasa wa kumi na nne, herufi kubwa, jina langu juu. Nilikuwa nalia, na nilitegemea naye alie, au anitukane. Matusi yake nilikuwa nimeshayaandalia nafasi.

Akakaa kwenye kile kiti cha wagonjwa. Akauliza, "Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Ulipoandika ile makala, nilikwenda nyumbani nikaweka sahani yangu. Gramafoni yangu ilikuwa mpya, ndiyo kwanza imetoka dukani. Nikasikiliza nikiwa na jarida lako mkononi. Nikausikia usingizi. Kila mahali ulipoutaja, nikaukuta."

"Lakini haukuwepo!"

"Nakwambia nimeusikia." Alisema bila kupandisha sauti. "Nilijaribu siku kumi kuutoa. Ule mwayo ukumbini haukunifukuza, Shangazi, usijisifu. Niliondoka kwa sababu nilikubaliana nanyi."

Akaendelea, akitazama herufi ukutani.

"Nina watoto wawili, watu wazima. Wanajua baba yao alijaribu muziki, hakuwa na kipaji, akawa na akili ya kuacha mapema. Wananiheshimu kwa hilo. Mimi mwenyewe nimelala vizuri kwa hilo. Leo nikawaambie nini? Kwamba niliacha kwa sababu ya mpira wa baiskeli?"

"Niambie basi nifanye nini."

"Usichapishe."

Mlango ukafunguliwa, akaingia mteja na mwavuli unaochuruzika. Mpima macho akasimama, akamwambia kwa sauti ileile aliyoniambia mimi, "Karibu mama, kaa hapa."

Jumatano, 9 Aprili
Nimeondoa makala. Nimeondoa na masahihisho. Binti yangu amewaka.

"Miaka yote unawaambia watu ukweli unauma lakini unatibu. Leo umekugeukia wewe, unaufungia kabatini. Mkuki kwa nguruwe, Mama."

"Si mimi ninayejificha. Yeye ndiye kaomba."

"Na kama umefurahi kwamba kaomba?"

Nilimwambia atoke. Akatoka. Kisha nikakaa nikajipekua, na kweli, chini kabisa, nilikuta nimefurahi kidogo. Nimejichukia mchana kutwa.

Jumamosi, 12 Aprili
Mvua haikatiki. Miayo siihesabu tena. Nimeanza kuiitikia "pole".

Jumanne, 15 Aprili
Saa tano asubuhi mlango umegongwa, na mbele yangu kasimama Bwana Usingizi, koti limelowa, viatu vinalia maji. Kafunga duka siku ya kazi. Binti yangu kampa taulo na kiti. Hakukaa.

"Silali," akasema. Kisha akajisikia alivyosema, na tukatazamana, na haki ya Mungu sote watatu tukacheka. Kicheko kilikuwa kifupi. "Nataka kuisikia. Yangu niliitupa siku nyingi. Iweke kwenye mashine yako, iliyopona."

Nikamwekea kwanza karatasi ya nukta, aone kwa macho yake. Akainama, akatazama kwa makini ya mtu wa kazi yake, akaitikia kwa kichwa. Nikashusha sindano.

Sijui niandikeje kuhusu dakika ishirini zile. Nimesikiliza muziki kwa kazi maisha yangu yote, na leo nilikuwa natazama tu uso. Saksafoni iliingia ikicheka. Ilipanda, ikamtania mpiga ngoma, ikateremka mbio na kusimama ukingoni kabisa mwa sauti ya mwisho, pale pale ambapo chombo kinaishia, bila kupitiliza. Binti yangu alikuwa ameziba mdomo kwa mikono miwili. Yeye, uso wake haukubadilika. Alisikiliza kwa adabu, kichwa kimeinama kidogo, jinsi tunavyomsikiliza mtoto wa jirani tuliyeitwa kumsikia.

Upande ukaisha. Sindano ikawa inakwaruza.

"Nani huyu?" akauliza.

"Ni wewe," nikasema. "Baba, ni wewe!" Sijui neno baba lilitoka wapi, mimi namzidi umri.

"Hapana. Huyu kijana ni hodari sana." Akaonyesha sahani kwa kidole. "Nipunguzie. Nataka ile uliyoisikia wewe."

"Usinifanyie hivyo, tafadhali."

"Nipunguzie, Shangazi."

Nikarudisha sindano mwanzo, nikaweka kidole gumba ukingoni mwa sahani, nikabana. Saksafoni ikazama. Ikawa nzito, ya kuburuta miguu, ikayumba pale kidole changu kilipotetemeka. Ilikuwa ileile, sauti niliyoiandika. Nikataka kuondoa mkono, akanizuia kwa ishara. Na hapo ndipo uso wake ulipobadilika. Macho yakamlegea, mabega yakashuka, mdomo ukaanza kufuata muziki kimya kimya, hajakosea hata pumzi moja. Machozi yakamtoka.

"Ndiyo," akasema. "Huyu namjua."

Tulibaki hivyo mpaka kidole kikaniungua.

Alipokuwa anavaa koti lake nikamuuliza kuhusu ukurasa wa kumi na nne, maana mchapaji anautaka Alhamisi. Akafikiri akifunga vifungo, kimoja kimoja.

"Chapisha. Yule kijana anastahili kuombwa radhi."

"Na wanao?"

"Nitawaambia alikuwepo mtu. Watauliza yuko wapi, nitasema sijui." Akafungua mwavuli mlangoni. "Lakini nakala usiniletee mimi. Haitakuwa yangu."

Jumatano, 16 Aprili
Nimeandika upya tangu asubuhi. Maneno mia mbili na kumi. Hakuna mzaha hata mmoja ndani yake, na binti yangu amesoma akanibusu kichwani. Ofisi ilikuwa kimya siku nzima. Nilidhani nitafurahia kimya hicho. Nilikaa nikisubiri mwayo mpaka jioni.

Alhamisi, 17 Aprili
Kurasa zimekwenda kwa mchapaji.

Jumanne, 22 Aprili
Jua, nusu siku. Tumeanza kufunga sahani kwenye maboksi.

Ijumaa, 25 Aprili
Toleo la mwisho limetoka. Simu imelia tangu saa mbili. Watu wanasema nina moyo mkubwa, kwamba ni mwandishi gani mwingine angethubutu, kwamba hii ndiyo makala yangu bora kuliko zote. Mmoja kanisomea aya nzima kwa simu, kama walivyokuwa wakinisomea ile nyingine. Nikakata.

Desturi yetu tangu toleo la kwanza ni kumpelekea nakala kila mwanamuziki tuliyemwandika. Bahasha naandika mimi mwenyewe kwa mkono, hiyo kazi sijampa mtu. Leo zilikuwa kumi na moja. Kumi nimeziandika, binti yangu amezipeleka posta. Ya kumi na moja, ya yule kijana, nimeitia nakala, nimeibandika stempu, nimeifunga vizuri. Kisha nikakaa nayo mezani mpaka binti yangu akarudi, akanikuta bado nimeshika kalamu, na mbele ya bahasha hakuna neno.